Je, nijiunge na mazoezi ya kikundi ilhali wenzangu wamenitangulia mbali?

Mama wa Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi, naomba ushauri. Nimevuka miaka 40, kazi yangu ni kukaa mbele ya cherehani kutwa nzima, na siku hizi mwendo mfupi tu unaniacha nikihema. Karibu na nyumbani kuna ukumbi ambamo watu hufanya mazoezi ya pamoja kwa muziki kila Jumamosi asubuhi. Nimewatazama kutoka mlangoni: wanaruka na kugeuka kwa mpigo mmoja, na wengi wana umri wa watoto wangu. Nawaza kujizoeza nyumbani kwanza mpaka nipate pumzi, ndipo nijiunge. Je, huo ni mpango mzuri? Na nikienda sasa, nifanye nini nitakapoishiwa nguvu katikati ya somo?

Kocha, Kampemba
Jambo sana, mama. Nafundisha mazoezi ya pamoja hapa mjini, na inanisikitisha kwamba wengi wanaouliza swali hili hatuwaoni tena. Usingoje. Nyumbani hakuna saa maalumu wala mtu wa kukurekebisha goti na mgongo, na cherehani iko palepale inakuita.

Hao uliowaona hawakuzidi kwa nguvu tu, bali wamezirudia hatua zilezile hadi zimewakaa mwilini. Mwili wa anayeanza hujifunza kwanza kuitumia vyema misuli iliyopo kabla ya kuikuza, ndiyo maana majuma ya mwanzo huleta maendeleo ya haraka kuliko yanayofuata.

Fika mapema umweleze kocha hali yako. Usijifiche mstari wa mwisho, kwa sababu kundi likigeuka, wa mwisho ndiye anayekuwa wa kwanza. Simama pembeni, mstari wa pili, ambapo utakuwa na mtu wa kumfuata pande zote. Wenzako wakiruka, wewe piga hatua; wakichuchumaa hadi chini, wewe ishia katikati; wakipiga pushapu sakafuni, wewe sukuma ukuta. Ukichoka usisimame ghafla, endelea kutembea papo hapo. Kipimo chako kiwe pumzi yako, si jirani: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kasi inakutosha, maneno yakikatika, punguza.

Kisha mchunguze kocha mwenyewe. Akimwonyesha aliyechoka namna nyepesi ya tendo lilelile, baki hapo. Akimpigia kelele ili awafikie wenzake, tafuta ukumbi mwingine, hata ukiwa mbali.

Muuguzi, komini ya Kenya hapa Lubumbashi
Kabla ya Jumamosi, mama, pita kituo cha afya upimwe presha, na kama una kisukari au ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari kwanza. Wakati wa mazoezi usizuie pumzi, kwa kuwa kufanya hivyo hupandisha presha. Misuli itauma kesho yake na pengine zaidi siku ya pili au ya tatu. Hilo ni la kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kichomo cha ghafla katika kiungo si ya kawaida: acha mara moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, lakini unasisitiza kwamba hata kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Yaya wa Ruashi
Mimi simkubalii kocha kwa yote. Kutembea jioni pamoja na jirani katika siku za katikati ya juma kulinisaidia sana, mradi kusiwe kisingizio cha kuahirisha Jumamosi. Mchukue jirani huyo huyo hadi ukumbini, maana aibu ya mlangoni hupungua mkiwa wawili. Tena, katika baridi ya Juni na Julai, usivue sweta kabla mwili haujapata joto.

Mama wa Katuba
Asanteni sana. Presha nitaipima juma hili, na dada wa jirani amekubali twende pamoja. Je, viatu vya kukimbilia vinafaa?

Kocha, Kampemba
Vinafaa kwa kuanzia, mama, ila angalia soli. Yenye meno makubwa hunasa sakafuni unapogeuka, na goti ndilo linaloumia. Chagua soli laini kiasi, isiyo na meno marefu, na ufunge kamba barabara.