Kambwa ka manyoya marefu, nikachanue namna gani kunyumba?

Mama_Himbi
Jambo yenu bote. Niko na kambwa kadogo ka shih tzu, binti yangu njo alikaleta, manyoya inafika mpaka chini. Kwa macho ni kazuri lakini mateso!! Munajua ile vumbi nyeusi ya volkano huku kwetu Goma, kanatoka mu parsele kidogo tu kanarudi kamejaa muchanga, na nyuma ya masikio manyoya imeshikana imekuwa fundo moja ngumu, nikigusa kanalia. Bengine bananiambia nikaoshe kwanza ndiyo ilainike, bengine nikanyoe kipara. Nifuate nani? Na shampwe yetu ya batu inafaa?

Kaka_Ndosho
Mama jambo, usianze na mayi!! Fundo ikilowa inajikaza, ikikauka ndiyo unalia weye na mbwa. Kwanza chanua, kisha osha. Shika lile fundo karibu na ngozi na vidole vya mukono moja, uibane vizuri ili kule kuvuta kusifike ku ngozi, halafu anza kuchanua kule ku ncha, ukipanda kidogo kidogo. Batu bengi banaanzia juu na kuvuta, ndiyo mana mbwa ikiona tu kichanuo inakimbilia chini ya kitanda. Paka maizena (ule unga laini mweupe wa mahindi) kidogo mu fundo, manyoya inateleza. Na usidanganywe na manyoya ya juu yenye inang'aa, kazi haiishe mupaka kichanuo ya chuma ipite toka ku ngozi bila kukwama.

Kinyozi_Birere
Mi ni kinyozi wa batu lakini majirani bananiletea na mbwa hahaha. Makasi chini ya fundo APANA. Ngozi ya mbwa ni laini sana na fundo inaivuta juu, unafikiri unakata manyoya kumbe unakata ngozi. Kipara pia apana, acha hata sentimita moja hivi, ngozi yenye imezoea kufunikwa inaungua na jua. Mashine ikishatembea kidogo uguse chuma yake mu kiganja, ikiwa moto zima kwanza. Na angalia chini ya miguu kati ya vidole, huku kwetu tujiwe twa volkano tunaingia mule tunashikana na manyoya, mbwa inaanza kuchechemea na mutu anafikiri imevunjika. Punguza ile manyoya ibaki sawasawa na nyayo.

Dada_Katindo
Juu ya shampwe, yetu imetengenezwa kwa ngozi ya mutu, yenye iko na asidi mingi kuliko ya mbwa, ukiitumia kila mara ngozi inakauka na kanaanza kujikuna. Tafuta ya mbwa ku farmasi ya mifugo. Omo na sabuni ya vyombo hata usijaribu. Weka pamba kidogo mu masikio, mayi ya vuguvugu, kisha suuza, suuza tena, najua mayi tunanunua kwa bidoni lakini sabuni ikibaki ndani ndiyo upele. Ukaushe mpaka ku mizizi, ile upepo ya ziwa haina huruma. Ukiwa unakausha tafuta na kupe, nyuma ya masikio na kati ya vidole, lakini ile tabia ya kupaka petroli juu ya kuua kupe muache jamani, inaunguza.

Mama_Himbi
Aksanti sana. Sasa hii ya sikio hata jino moja ya kichanuo haiingii.

Kinyozi_Birere
Hiyo mama usikatese bure, inyolewe. Mutu moja akashike kichwa, mashine inapita polepole kati ya ngozi na fundo. Kisha angalia siku mbili tatu: sikio ikishafunguliwa hivyo mbwa zingine zinatikisa kichwa nguvu sana mpaka damu inajaa ndani ya sikio na inavimba. Ukiona imevimba ama inanuka, peleka kwa muganga wa nyama, usitoboe weye mwenyewe.

Mama_Himbi
Sawa kaka. Jumamosi asubuhi unakuwaka kwa kazi?