Kubadili plagi mwenyewe kwenye Porsche 911, nipo Arusha

NjiroSita

Wakuu habari za jioni. Nina 911 ya 2002, ile toleo la 996 ya injini ya lita 3.6, nimeinunua kwa mtu hapa hapa Arusha na historia ya sevisi haina kabisa. Tangu masika yaanze, asubuhi nikiwasha inatetemeka, inamisi, taa ya cheki injini inawaka, alafu ikishapata moto inatulia kidogo. Nimeipima na kile kidude cha bluetooth kikanipa kodi P0300 (silinda zinamisi ovyo) na P0304. Nikifungua boneti ya nyuma naona boksi la ea klina na feni basi, plagi sioni hata moja. Fundi mmoja mjini kaniambia lazima injini ishushwe ndo plagi zifikike na bei aliyotaja nikaona bora niulize kwanza. Ni kweli? Jeki ninayo, soketi ninazo, wikiendi nina muda, na hii gari naipenda sana sitaki ifunguliwe funguliwe bila sababu.

FundiPasua

Karibu mkuu. Mi nipo Moshi, nafanya hizi za Ujerumani. Injini haishushwi kwa ajili ya plagi, usikubali. Hiyo ni injini ya kulala, silinda 3 kushoto 3 kulia, plagi zinatazama pembeni kwahiyo kwa juu huwezi kuziona hata ukae hapo mwezi. Unatoa tairi za nyuma, unaingia kwa chini na kwa upenyo wa tairi, utakuta koili sita kila moja imekaa juu ya plagi yake na inashikwa na boliti mbili za spana ya L. Plagi ni moja kwa kila silinda, jumla 6, shukuru sio 993, ile 911 iliyotangulia hii yako, ile kuna 12.

Sasa kabla ya kununua chochote. P0304 ni silinda ya 4, upande wa kulia ukiwa umekaa unatazama mbele, ile ya nyuma kabisa karibu na bampa. Na kwa kua inamisi kipindi cha mvua mi naanza na koili. Zile koili zinakaa karibu na joto la eksozi na maji ya barabarani yanazifikia, plastiki inapata nyufa, ikiingia unyevu umeme unavujia pembeni badala ya kwenda kwenye plagi, injini ikipata moto inakauka ndo maana inatulia. Chukua koili ya 4 ibadilishane na ya 5 afu uwashe upime tena, ikisoma P0305 koili ndo mbovu, ikibaki P0304 angalia plagi. Hiyo haikugharimu hata mia. Na kama taa inawaka inazima inawaka inazima usiendelee kuendesha, petroli isiyoungua inaenda kuua katalaiza, ile ya kusafisha moshi kwenye eksozi, na hiyo utalia bei yake.

Plagi badili zote tu kama historia hujui, kiwanda chenyewe kinasema miaka 4 hata kama gari haitembei. Fanya injini ikiwa baridi kabisa, ilale usiku mzima, ile hedi ni aluminiamu ukifungua ya moto unang'oa meno. Soketi ya plagi ya 16 yenye mpira ndani, ekstenshen fupi na ndefu na ile ya kukunja. Mafla inabana zile za karibu na bampa, hapo ni uvumilivu sio nguvu, wengine wanaona bora watoe mafla kabisa. Ukishatoa koili usikimbilie plagi, puliza kwanza uchafu kwenye shimo, hili vumbi letu likidondokea ndani ya silinda umejitafutia kazi nyingine. Hauna kompresa chukua pampu ya baiskeli, inatosha.

Kurudisha, anza na mkono. Chomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi uzungushe nacho, ikienda upande mpira unateleza wenyewe na meno yanapona. Mwisho toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, 30 Nm. Grisi kwenye meno usipake, plagi za sasa zimeshapakwa kiwandani, ukiongeza utakaza kupita kiasi bila kujua.

BoksaKijenge

Nakazia ya fundi. Mi nina Subaru EJ20, nayo ya kulala, natoa betri upande mmoja na boksi la ea klina upande wa pili nafika, ya kwako tu iko nyuma na chini. Plagi ulizotoa zipange kwenye karatasi kwa namba za silinda usizichanganye, zinaongea. Kahawia hafifu iko sawa, nyeusi kavu petroli nyingi, nyeupe silinda inachemka, yenye oili oili kwenye ncha hiyo inatoka ndani. Ila ukikuta oili nje, kwenye shimo la koili, usiogope, ni oringi (pete za mpira) za yale mabomba ya plagi zimezeeka, zinabadilishwa hapo hapo bila kufungua injini.

Na gari usiioshe kwa chini na ile mashine ya presha kabla hujamaliza hili jambo.

Mkulima wa Usa

Mimi namwonea huruma kwa jeki tu. Ndugu yangu usiingie chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake wala matofali, nunua stendi mbili za chuma. Alafu kumbuka henbreki inashika tairi za nyuma, na gia pia hizo hizo za nyuma, ukishaziinua hakuna kinachoizuia. Weka kabari tairi za mbele, mbele na nyuma yake, sehemu ya sakafu iliyo sawa, sio pale kwenye mteremko wa geti.

Plagi nunua kwa mtu unayeweza kumrudia, feki ni nyingi na boksi linafanana kabisa.

NjiroSita

Asanteni sana wakubwa. Nimebadilishanisha koili ya 4 na ya 5 kama fundi alivyosema na sasa inasoma P0305, kwahiyo koili. Naagiza koili zote sita na plagi sita kwa pamoja. Swali la mwisho, tairi nakaza ngapi?

FundiPasua

Safi sana. 130 Nm, kaza kwa msalaba gari ikiwa imegusa chini. Hiyo haina nati, ni boliti zinaingia kwenye habu, kwahiyo tairi itakusumbua kulenga mashimo, tafuta mtu akushikie. Na leo leo kaangalie boneti ya mbele kwenye vifaa kama ile funguo ya boliti za kuzuia wizi ipo, magari ya mkononi mara nyingi inakua imepotea na bila hiyo tairi haitoki.