Miche ya mvule inakufa yote chini ya mama yake, kwa nini?

BintiKonde: Asalaam alaykum. Mie niko Konde, Pemba, si mbali na msitu wa Ngezi. Shambani n'na mvule mkongwe, babu aliukuta. Masika yaliyopita chini yake iliota miche tele, hata pa kukanyaga nikawa napatafuta. Nikazungushia miba, mbuzi wasiingie. Ilipofika vuli haukubaki hata mmoja! Wa mwisho nilikuwa nauangalia kila asubuhi: shina lilipiga weusi pale linapogusa udongo, likanywea, mche ukalala. Maji nilitia. Lakini kuna mmoja umejiotea kando ya njia, hatua kama sitini kutoka pale, na sasa unanifika gotini. Nimekosea wapi?

MzeeWaKitalu: Waalaykum salaam, mwanangu. Hukukosea. Chini ya mama ndipo walipojaa maadui wa mvule, wadudu na ukungu wa udongoni, na miche ikibanana ugonjwa unaruka toka huu hadi huu. Tena pana kivuli kizito, na mvule mchanga hutaka mwanga. Huo wa njiani bila shaka uliletwa na popo au ndege, ukaponea umbali. Wanasayansi Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971 waliliandika jambo hilohilo, kila mmoja kivyake, kuhusu misitu ya joto. Masika ijayo ing'oe michanga mapema, uitawanye mbalimbali.

Mpemba_Shamba: Naongeza moja, maana mie limenitia hasara. Usiipeleke juani wazi yote pamoja. Kuna kidudu kidogo mno kinachotaga kwenye machipukizi ya mvule, jani linavimba vinundu. Vikipasuka, kidudu kinatoka na ukungu unaingia, ncha inaoza. Nilipanda mistari mitupu ya mvule, ikadumaa yote. Iliyosalimika ni ile niliyoichanganya na migomba, kivuli chepesi.

BintiKonde: Allah awalipe kheri. Jioni hii nimekwenda kuutazama ule wa njiani. Majani mawili ya juu yana vinundu vya kijani, vigumu, kama punje za mtama. Vyote bado vimefumba. Nimeyakata, nimeyachoma jikoni. Ncha yenyewe ingali nzima, na kesho namwomba jirani chipukizi mbili za mgomba.