Acheni kutudanganya eti makaa ya mawe ya Lamu yangeshusha bei ya stima!!

Jamani wacha niseme maana yamenifika kooni. Kila stima ikipotea huku Changamwe lazima atokee mtu aanze, tungekuwa na ule mtambo wa makaa wa Lamu saa hii stima ni bei ya chini. Nani kakwambia?? Mtambo ulikuwa wa megawati 1,050 na mwaka 2019 Kenya nzima, hata ile saa ya jioni kila nyumba imewasha, haikufika megawati 2,000, sasa stima yote hiyo ingetumiwa na nani? Na mkataba ni wa miaka 25 wenye kapasiti chaji ndani, yaani mtambo uwake usiwake mwenyewe analipwa. Wachambuzi wa IEEFA, taasisi ya kuchambua uchumi wa nishati, walipiga hesabu 2019 wakapata kama dola milioni 360 KILA MWAKA hata usipotoa uniti moja. Zingetoka wapi kama si kwa tokeni yangu na yako? Saa hii unanunua ya mia mbili unapata uniti za kuhesabu kwa vidole, na bado mtu anataka tuongezewe!

Tena makaa yenyewe yalikuwa yaje kwa meli kutoka Afrika Kusini kungojea ya Kitui yachimbwe, kwa hivyo dola ikipanda na bili inapanda, wakati mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaotupa stima, hatununui kwa mtu.

Halafu ndugu zetu wa Lamu mnawaongelea kama hawapo. Maji ya moto ya mtambo yamwagwe baharini wanakovua, majivu yarundikwe Kwasasi huko huko Lamu, na wao hawakuulizwa vizuri, si maneno yangu hayo, ndiyo sababu moja tribunal ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo Juni 2019, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikasema ibaki imefutwa.

Na nyie wa Mombasa mnaoshabikia, mtaa wetu wa Owino Uhuru mmesahau? Sumu ya madini ya risasi ya kiwanda cha betri, watoto wakaugua, 2020 korti ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na bado wakazungushwa na rufaa miaka na miaka. Wa Lamu wakianza kukohoa nani atawalipa, na lini?

Anayeutaka huo mtambo aje hapa na hesabu ya kapasiti chaji, atuonyeshe bei inashuka vipi. Matusi sijibu.