Nimeuziwa stika ya wati 300, paneli ya sola yenyewe haifiki hata 130. Pimeni kabla hamjatoa pesa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikijizuia. Leo limenifika kooni.

Mimi ni mshonaji, naishi Kisauni, Mombasa, nashona madera na sare za madrasa nyumbani kwangu. Kazi yangu kubwa ni ya usiku, watoto wakishalala. Stima ikipotea, na wa huku mnajua inavyopotea, basi nashona kwa tochi ya simu au mteja anafika asubuhi nguo bado haina mikono. Ile Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia giza, nilikuwa na sare kumi na moja za kutoa Jumapili. Nilizimaliza mkono wangu ukitetemeka kwa usingizi na joto. Tangu usiku ule kila zamu yangu ya mchezo wa kuchanga pesa ikifika, natenga kitu cha sola.

Sikukurupuka. Niliketi na daftari nikahesabu. Taa nne za LED za wati 7, saa tano. Feni ya DC ya wati 25, saa nane. Mota ya cherehani wati 100, nikijumlisha muda wa kukanyaga tu ni kama saa mbili. Jumla yake haifiki wati-saa 600 kwa usiku mmoja. Betri ya volti 12 na 100Ah (ampea-saa, yaani akiba inayobeba) ina wati-saa 1,200, na betri ya asidi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nina 600. Paneli ya wati 300 ikipata jua zuri saa tano kwa siku, hata ukitoa thuluthi nzima kwa joto na hasara za njiani, inarudisha wati-saa 1,000. Nikaona hapo nina nafasi hata ya siku ya mawingu.

Nikashuka mjini. Duka silitaji jina, na msiniulize kwenye ujumbe wa faragha. Nikanunua paneli iliyoandikwa wati 300, betri iliyoandikwa 100Ah, kontrola ya chaji, ile inayosimamia umeme wa paneli ukiingia kwenye betri, iliyoandikwa MPPT (aina ya bei, inayokamua paneli zaidi) ampea 30, invata ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, iliyoandikwa wati 1,000, na mita 12 za waya ulioandikwa 4mm. Shilingi 41,800. Na niliuliza! Nilimwambia muuzaji, "Kaka, hii mia tatu mbona ndogo?" Akanijibu bila kupepesa macho, "Dada, hii ni teknolojia mpya, seli zake kali. Zile kubwa ni za zamani."

Tukaifunga wenyewe, mimi na mdogo wangu wa kiume anayesomea umeme chuo cha ufundi. Paneli juu ya mabati, tumeiacha nafasi ya kiganja ipate hewa chini yake, imeinama kidogo kuelekea kaskazini, upande wa Mtwapa, kwa sababu sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta na maji ya mvua lazima yateremke na uchafu wa kunguru. Boliti za chuma kisichoshika kutu, maana hii hewa ya chumvi boliti ya kawaida haimalizi mwaka. Kontrola tukaiunga na betri kwanza, halafu paneli, halafu mizigo, kama inavyotakiwa. Sikuharakisha chochote.

Usiku wa kwanza raha. Usiku wa tatu feni ikasimama saa saba za usiku. Wa nne, saa tano. Wiki ya pili, taa zilikuwa zikizima hata sijamaliza mkono mmoja wa dera.

Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Siku kumi nzima nilijilaumu mimi. Nilipanda juu ya mabati yanayochoma miguu kukaza nati ambazo tayari zilikuwa zimekazwa. Niligundua kivuli cha tangi la jirani kinagusa pembe ya paneli alasiri, nikaihamisha, kwa sababu seli zimeungana kwa msururu na kivuli kwenye seli chache kinaziangusha na wenzake. Nikafuta vumbi asubuhi na jioni. Haikusaidia kitu. Nikaanza kuwaamini wanaosema mwanamke wa cherehani hana kazi na sola.

Mpaka nikachukua tepu yangu ya kushonea nikapima paneli.

Urefu mita 1 na sentimita 2, upana sentimita 67. Zidisha, haifiki hata mita mraba 0.7. Sasa sikilizeni, maana hesabu hii haitaki chuo. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita mraba moja. Paneli nzuri za madukani zinageuza kama sehemu moja kwa tano ya hiyo kuwa umeme, zilizo bora sana zinazidi hapo kidogo. Mita mraba moja nzima, basi, ni wati 200 na ushee. Kipande changu hata kingekuwa cha daraja la juu kabisa duniani kingetoa 140 au 150. Kutoa 300 kingehitaji kukamata karibu nusu ya jua lote lililokiangukia, na paneli ya namna hiyo haiuzwi duka lolote la Mombasa. Yule kijana aliponiambia "seli kali" alikuwa amesimama mbele ya kitu ambacho rula ya mtoto wa darasa la nne ingemwumbua.

Mdogo wangu akaja na mita ya kupimia umeme. Saa sita na nusu mchana, hakuna wingu. Nyuma ya paneli imeandikwa volti 18, ampea 16.67. Mita yenyewe mwisho wake ni ampea 10, ikizidi hapo fyuzi ya ndani inakatika. Tukasema ikatike, angalau tutajua paneli ni ya kweli. Haikukatika. Ilisoma 6.4. Na hiyo ndiyo ampea ya kushikanisha nyaya moja kwa moja, ya juu kabisa inayoweza kutoka. Ukiitia mzigo inashuka tena. Mara 18, haifiki hata wati 116. Kabla hamjaniambia ni joto: joto nimelihesabu. Wati za stika hupimwa seli zikiwa digrii 25, na juu ya mabati zinafika 60 na zaidi, kila digrii inakula kama asilimia 0.4. Hiyo ni kama asilimia 15. Toa 15 kwenye 300, inabaki 255. Wati zangu nyingine 140 zimeenda wapi?

Betri nikaibeba kwa tuktuk hadi kwa mzee anayenunua vyuma chakavu, maana ana mizani. Aliinua kwa mkono mmoja kabla hata ya kuipima, akatikisa kichwa. "Hii si mia, mwanangu." Mizani ikasema kilo 17. Betri ya asidi ya 100Ah ya kweli inakaribia kilo 30, kwa sababu umeme wa betri hiyo unakaa kwenye madini ya risasi, na risasi haina njia ya kuwa nyepesi. Yule mzee hajui MPPT ni nini, lakini betri kwa mkono anaijua kuliko duka zima lenye kioo na kiyoyozi.

Kontrola tukaifungua. MPPT ya kweli ina koili za waya wa shaba ndani na ni nzito. Hii ndani ni tupu kama kibiriti kilichoisha, ni PWM ya kawaida, ile aina rahisi, iliyobandikwa herufi nne za kupandishia bei. PWM si kitu kibaya kwa paneli ya volti 12, ningeinunua kwa bei yake ningeridhika. Invata sijaifungua bado.

Waya ndio umenikosesha usingizi. Nimeukwangua kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Na ile 4mm ni unene wa plastiki, nyuzi za ndani ni chache mno. Tulipima volti kwenye paneli, tukapima kwenye kontrola wakati inachaji, tofauti ni volti 2.4. Volti zile zinapotea zikigeuka joto ndani ya waya unaopita darini kwangu. Tena nilimwomba muuzaji fyuzi ya kuweka karibu na betri, akaniambia, "Hizi ndogo hazihitaji." Hazihitaji! Betri ya asidi chanya na hasi zikishikana inamwaga mamia ya ampea papo hapo, hata hii ndogo ya uongo. Waya wa alumini mwembamba, bila fyuzi, nyumba za Kisauni zilivyobanana, dari la mbao, watoto wangu watatu wamelala chini yake. Fyuzi niliitafuta mwenyewe duka lingine, ilinigharimu chini ya shilingi mia tatu. Kuna mama mwingine aliyemwamini yule kijana na hakuitafuta. Yuko wapi saa hii? Mtaa gani?

Waya nimeshaubadilisha, nimeweka wa shaba halisi 6mm, tofauti ya volti imekuwa ndogo sana. Kila kitu kingine nilikipeleka dukani nikitaka nirudishiwe pesa.

Nilichojibiwa: "Mama, mali ikishatoka haina kurudi. Soma risiti." Nikaisoma. Imeandikwa "seti ya sola, 41,800". Hakuna wati, hakuna Ah, hakuna kitu. Sasa nimeelewa kwa nini. Nikamwonyesha namba za mita, akacheka, akasema mita ya shilingi mia sita itapima nini. Nikamwonyesha tepu. Hapo hakucheka, alianza kuhudumia mteja mwingine.

Najua wa kwanza kujibu hapa atasema ungemwita fundi. Jirani yangu alimwita fundi. Amefungiwa paneli ya ukubwa ule ule wa yangu, stika 300 kama yangu, na ameongezewa pesa ya ufundi juu. Na wa pili atanikumbusha kanuni za sola za mwaka 2012, kwamba mfungaji anatakiwa awe na leseni ya fundi, daraja la T1, T2 au T3. Hilo nalikubali, mnisute kwalo. Lakini kanuni hizo hizo hazikumtaja mfungaji peke yake. Mletaji na muuzaji pia wanatakiwa leseni. Mbona anayesutwa siku zote ni aliyepanda juu ya bati, na aliyebandika stika hatajwi?

Haki ya mnunuzi kupata bidhaa yenye ubora na maelezo anayoyahitaji imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 46. Iko pia Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012. Na kwa pesa kama hizi zetu ipo Mahakama ya Madai Madogo, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Nimeshaandika barua ya kudai pesa yangu, nakala mbili, nina picha za tepu juu ya paneli, picha ya mizani, na video ya mita ikisoma pale juu ya bati saa sita na nusu.

Mnaokwenda kununua wiki hii, nawaomba kwa Mungu: nendeni na tepu. Urefu mara upana kwa mita, mara 200, hiyo ndiyo namba yenu, stika isiwababaishe. Betri iinueni, na kama kuna mizani karibu ipimeni. Waya ukwanguliwe mbele yenu. Na pesa isitoke mpaka risiti iandikwe wati ngapi na Ah ngapi, kwa mkono wa muuzaji, na muhuri wake. Akikataa kuandika, ondokeni.

Nina ombi moja. Jumatatu narudi dukani na ile barua, na sitaki aniambie tena mita yangu ni ya mia sita. Aliye na mita ya kubana waya inayosoma ampea za DC, kuanzia Bombolulu mpaka Bamburi, aniazime kwa siku moja. Nitaifuata mwenyewe na nitairudisha kabla ya magharibi.