MREJESHO: Zile chembe za sumaku za kunasa dawa kwenye mkojo
Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kwa nini chembe zangu za nano za Fe3O4 (oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku), nimezivika silika na C18 juu (minyororo ya kaboni 18 isiyopenda maji, ndiyo inayonasa dawa), zinanasa diklofenaki (dawa ya maumivu) kidogo sana kwenye mkojo, yaani naweka dawa kiasi nakijua kabisa halafu HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima dawa) inanirudishia hata nusu haifiki.

Aliyesema niangalie pH, ubarikiwe sana. Diklofenaki ni asidi, pKa yake (pH ambayo nusu ya dawa inakuwa na chaji) kama 4 hivi, na mimi nilikuwa nafanyia kwenye pH 7, kumbe pale dawa ina chaji hasi inapenda maji kuliko C18, basi inabaki inaogelea tu, navuta chembe na sumaku, maji namwaga na dawa yangu namwaga humohumo 😅. Nimeshusha hadi 3 imekamata vizuri. Ila msishuke ovyo, asidi kali inakula oksidi ya chuma yenyewe, kuna siku nilipitiliza maji yakawa manjano.

Lingine, chembe zikikauka zinagandana, kwa hiyo sasa nazilowesha na methanoli kwanza.

Sasa nahamia plazima (majimaji ya damu bila seli) na huko ndo kuna kazi, zaidi ya 99% ya hii dawa imeshikwa na protini. Hizo protini nazigandisha zishuke chini kwa asetonitrili (kiyeyushi), halafu lazima niongeze maji mengi kabla ya kuweka chembe, la sivyo hiyohiyo asetonitrili inaizuia dawa isishike C18.