Tupeane uzoefu: mradi wa mamalia, mwaka wa nne

nyayo_ngara: Nimesoma rasimu ya mwanafunzi wa mwaka wa nne, imetaja idadi ya kima wa Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, bila kusema walihesabiwa vipi, siku ngapi, wala kama kundi lilipovuka njia lilihesabiwa upya au la. Waliosimamia miradi hii, semeni neno kabla vijana hawajaingia msituni.

mzee_transekti: Shida huanzia kwenye swali. "Mamalia wa Karura" si swali. Karura, msitu wa Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000! Uliza: kima hutumia muda mwingi zaidi kula karibu na meza za mandari kuliko ndani ya msitu? Hapo kila dakika 10 unapitisha jicho kundi zima, unaandika anachofanya kila mmoja pale pale unapomwona. Ukingoja wafanye la kuvutia, daftari litajaa ugomvi na kupumzika kutapotea.

pimbi_juu: Kweli kabisa. Dakika 10, si "mara kwa mara".

kamera_mbili: Upande wa kamera ya msituni, ile inayojipiga mnyama akipita: kwa suni na funo, swala wadogo, ifunge kama sentimita 40 toka ardhini. Ukiipandisha hadi kifuani, suni anapita chini yake. Ielekeze kaskazini au kusini, maana jua la asubuhi huunguza picha za mashariki. Fyeka nyasi za mbele, la sivyo upepo utajaza kadi picha tupu. Na hakikisha saa kila ukibadilisha betri. Tarehe ikiruka, huna tena la kusema kuhusu usiku na mchana. Picha za spishi moja ndani ya dakika 30 zihesabu kama tukio moja.

mzee_transekti: Hizo dakika 30 ni mazoea. Zieleze kwenye sehemu ya mbinu.

kijani_ruaka: Transekti, ule mstari unaoutembea ukihesabu wanyama, si unafuata tu njia za baiskeli? Ni rahisi.

mzee_transekti: Hapana! Wanyama wa kando ya njia ama wamezoea watu ama wanawakwepa. Chora mistari kwa bahati nasibu.

kijani_ruaka: Na vichaka vya miiba je? Ukivipasua, kila mnyama anakimbia kabla hujamwona.

panya_buku: Mnabishana njia na hakuna aliyetaja siafu. Msafara ukipita usiku juu ya mtego wa Sherman, kisanduku cha bati kinachonasa akiwa hai, na panya yumo ndani, hana pa kukimbilia. Alfajiri unafungua mlango unakuta manyoya na mifupa. Kifo hicho ni cha mtafiti, na lazima kiandikwe kwenye ripoti.

pimbi_juu: Manyoya tu?? Maskini.

kijani_ruaka: Zungushia majivu.

panya_buku: Mvua ikinyesha majivu ni bure. Kagua mstari jioni, ukiona siafu hamisha mitego yote. Chambo ni siagi ya njugu na oti. Tia pamba ndani, Julai usiku ni baridi. Kagua alfajiri, kisha funga mchana kwa sababu bati huchemka.

nyayo_ngara: Turudi kwenye kuandika, jamani. Ukitia alama panya 20, ukanasa 25 baadaye, 10 wakiwa na alama, makadirio ya panya wote wa eneo ni 20 × 25 ÷ 10 = 50. Wenye alama wakiwa 2 tu, jibu linaruka hadi 250, usijisifu nalo.

kamera_mbili: Na kibali? NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), halafu KFS (huduma ya misitu) kwa Karura, au KWS (huduma ya wanyamapori) ukienda mbugani.

mzee_transekti: Kibali kwanza. Barua ya chuo peke yake haitoshi getini.